TAHADHARI: Muuza pikolo za "Delrin" anayeanza na shikamoo

Jamani nimelizwa. Naandika usiku huu hasira zikiwa bado za moto, maana najua humu wapo wanaotafuta pikolo, zile filimbi ndogo za sauti ya juu, zisizo na funguo za chuma, na tangazo la huyu bwana bado lipo hewani.

Ile yangu ya mpingo sirudii habari zake, mnajua ilivyopasuka kichwa baada ya kutoka nayo Kilwa Desemba na kuiingiza kwenye nyumba za hita za huku Galway, Ireland. Nikaapa safari hii nataka ya Delrin, yaani plastiki ngumu, iliyokerezwa na fundi, matundu sita tu, ya D, isiyojua joto wala baridi. (Ndiyo, nachekesha. Mpingo unatoka kwetu, Wazungu wanauchonga klarineti, na mimi mtoto wa Kilwa nahangaikia plastiki.)

Mafundi wa kweli wa Delrin wapo, ila si wengi, na foleni zao ndefu. Nikiwa kwenye kusubiri huko ndipo akajitokeza huyu. Alipoona jina langu akaandika Kiswahili: "Shikamoo kaka, mimi wa Tanga, nakereza mwenyewe." Ugenini mtu akikuamkia shikamoo moyo unalegea, hapo mniwie radhi. Akaniuliza hali ya nyumbani. Akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma mtoto analia na yeye anambembeleza kwa lafudhi ya Tanga kabisa. Tapeli gani anabembeleza mtoto?

Nikamwambia bila kuficha kwamba naogopa kuuziwa bomba. Hata hakukasirika. "Haki yako kaka, ngoja nikuonyeshe." Haikupita robo saa, video ikaingia. Beseni la bluu limejaa maji, mkono wenye pete ya fedha umeshika pikolo nyeusi, inang'aa kama kiatu cha polisi. "Plastiki za ovyo zinaelea kaka. Delrin inazama." Akaiachia. Ikazama, nikaisikia ikigonga chini ya beseni, tok. Akaitoa, akaifuta kwa kipande cha kanga taratibu kama anamfuta mtoto, akaiachia tena. Tok. Video ile niliitazama mara nne, na ya nne nilikuwa nishafungua programu ya benki.

Sasa sikieni ujinga wangu. Delrin ni nzito kama mara 1.4 ya maji. PVC, ile ya mabomba, nayo ni 1.4 hivi hivi. Zote zinazama! Ningetumbukiza bomba la sinki langu lingesema tok vilevile. Na mimi kemia nimeisoma hadi kidato cha sita.

Kabla ya hapo nilitaka kughairi nirudie mpingo. Akanitisha na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na miti iliyo hatarini, eti forodhani wanakamata. Mpingo uliingizwa kwenye orodha yao 2017, hilo kweli, lakini tangu 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa haziguswi na masharti yale. Nimelijua juzi, pesa ishaondoka. Euro 190, tena kwa njia ya kutumiana "ndugu na marafiki", eti tukwepe makato. Ukituma kwa njia hiyo hurudishiwi kitu. Nikamtumia, ndugu yangu wa Tanga.

Mzigo ukafika Alhamisi, siku yetu ya kupiga muziki. Kiherehere changu, sikuijaribu hata nyumbani, nikaifungulia baani mbele ya watu. Mzee wangu wa filimbi akaitazama, akanyamaza. Tukaanza rili, ule muziki wa kasi wa dansi wa Kiayalandi. Oktavi ya chini ikajikongoja. Nikapanda ya pili, sauti ikalala chini ya wenzangu hadi mpiga kodiani akageuza shingo. Nikakaza midomo, nikapuliza kwa nguvu zote.

Rili ilipoisha nikaona watu wananiangalia kinywa. Dada wa fidla akanipa tishu bila kusema neno. Nikafuta: nyeusi. Midomo nyeusi, kidevu cheusi, vidole sita vyeusi. Rangi ya kopo la kupuliza! Mzee akaichukua, akalowesha dole gumba, akasugua. Chini nyeupe, na maandishi ya kiwanda: 20 mm. Bomba la kupitishia nyaya za umeme. Baa nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao, lakini nilipofika chooni kunawa nilikaa humo muda mrefu.

Nimemwandikia, amesoma, amenifungia. Rafiki yangu akajaribu kwa namba yake. "Shikamoo kaka." Na beseni lile lile la bluu.

Huyu afungwe. Nimepeleka taarifa polisi, wameandika, wamenipa namba ya faili, basi. Mimi ningekuwa hakimu ningemsimamisha sokoni Tanga apige rili kumi kwa pikolo yake mwenyewe, bila tishu, mama yake akiangalia. Kudanganya watu sawa, matapeli wapo, lakini kwa shikamoo?

Mtaniuliza dalili. Zilikuwepo. Picha ya ndani ya bomba hakutuma hata moja, na ndani ndiko kwenye siri: tundu la ndani la pikolo ya kweli hubana mahali, kichwani au mwilini, ndipo oktavi mbili zikapatana. Hii imenyooka kama mrija wa soda. Tundu la kupulizia kingo zake zimeyeyuka, kama kazi ya msumari wa moto. Video ya kupiga alinitumia, tamu kweli, ila mkono ule haukuwa na pete. Niliona. Nikajiambia kaivua ili apige vizuri. Na alikuwa ananiharakisha, yupo Mjerumani anaisubiri.

Nimepita tangazo lake sasa hivi. Ameshusha bei, 170.