Albamu za piano za jazi zinazoenzi walimu: ipi ununue kwanza

Albamu za kuenzi wakongwe zimejaa tele kwenye jazi, na nyingi ni za kawaida tu: kampuni imechagua nyimbo kumi zinazojulikana, ikawaita wapigaji, kazi ikamalizika. Zinazostahili fedha yako ni zile ambazo mpiga piano ana deni la kweli kwa anayemuenzi, na analilipa kwa sauti yake mwenyewe badala ya kumuigiza. Hicho ndicho kipimo kilichopanga orodha hii. Tumebaki kwenye vikundi vya watu wawili hadi wanne, kwa sababu humo piano haina pa kujificha.

Kabla ya kulipa, geuza jalada usome mgongoni. Tazama majina ya wapigaji: je, yumo mtu aliyewahi kupiga na mwalimu mwenyewe? Tazama watunzi wa nyimbo. Halafu tafuta mwaka wa kurekodi. Mwaka wa toleo hausaidii, maana rekodi moja inaweza kutolewa upya mara nyingi, na kila toleo likawa na sauti tofauti.

1. Tommy Flanagan, Giant Steps (Enja, 1982)

Mei 1959 mpiga saksafoni John Coltrane aliingia studio na wimbo ambao chodi zake (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) hubadilika karibu kila mapigo mawili, zikiruka kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine. Kwenye piano alikuwa Flanagan. Sikiliza solo yake katika rekodi ile: vidole vinatafuta njia, vinasita, mwishowe vinabaki kubonyeza chodi tu hadi saksafoni irudi. Coltrane alifariki 1967. Flanagan akaurudia wimbo huo 1982, George Mraz kwenye besi na Al Foster kwenye dramu, na safari hii anapita mle mle alimokwama, kwa utulivu wa mtu aliye nyumbani kwake. Hatujui albamu nyingine ya kuenzi inayojibu rekodi ya zamani waziwazi namna hii.

Ina vipande sita. Vitano vilikuwa kwenye albamu ya Coltrane yenye jina hilo hilo, na cha sita ni Central Park West. Hapo ndipo wanunuzi hukosea: ukitafuta kwa jina la albamu peke yake utaletewa ya Coltrane. Ongeza majina ya Flanagan na Mraz. Ukiikosa, chukua Thelonica ya mwaka huo huo, anapomuenzi mpiga piano na mtunzi Thelonious Monk pamoja na Mraz na Art Taylor, ambaye ndiye aliyepiga dramu kwenye Giant Steps ya Coltrane.

2. Thelonious Monk Plays Duke Ellington (Riverside, ilirekodiwa 1955)

Kampuni ndiyo iliyotaka albamu hii ya nyimbo za Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi. Wasikilizaji wengi waliona tungo za Monk ni ngumu, ikaonekana afadhali aanze na nyimbo wanazozijua. Kwa kipimo chetu ilipaswa kuanguka. Haikuanguka, kwa sababu ile namna ya Ellington ya kupiga piano, noti chache, mguso mzito, nafasi wazi katikati, ilikuwa tayari mkononi mwa Monk. Kwenye besi yumo Oscar Pettiford, aliyewahi kuwa kwenye bendi ya Ellington, na kwenye dramu Kenny Clarke.

Hii ndiyo albamu ya orodha hii yenye matoleo mengi mabaya, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Ilirekodiwa kwa mono, yaani sauti ya mkondo mmoja. Miaka ya 1960 na baadaye kampuni kadhaa zilizigawanya rekodi za mono kuwa stereo bandia, sauti nyembamba upande mmoja na nzito upande wa pili, na piano ikasikika kama imewekwa ndani ya pipa. Ukiona maneno "electronically rechanneled" au yanayofanana nayo kwenye jalada la rekodi yoyote ya zamani, iache.

Tatizo la pili ni makasha ya bei rahisi yanayobana albamu nne kwenye CD mbili. Ulaya ilipoongeza muda wa ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, zile zilizotolewa kabla ya 1963 zilikuwa zimeshatoka kwenye ulinzi, na yeyote anaweza kuzitoa bila kugusa kanda za awali. Wengine hunakili CD ya mtu mwingine, kisha husafisha mvumo kwa programu hadi mlio wa matoazi unakauka. Toleo la Original Jazz Classics, mfululizo wa kutoa upya rekodi za zamani, ni chaguo salama, liwe CD au santuri.

Kwa santuri iliyotumika, albamu hii inajipima yenyewe. Solitude ni piano peke yake, kwa hiyo kila mkwaruzo utausikia bila besi wala dramu kuufunika. Caravan ndiyo inayofunga, na huko karibu na lebo mifereji huwa imebanana: kama sindano chakavu imeshapita humo, chodi za nguvu zitachanika. Mwisho, sikiliza noti ndefu. Tundu la katikati likiwa limetobolewa pembeni kidogo, noti hupanda na kushuka kila sekunde 1.8, ambayo ni mzunguko mmoja wa santuri ya 33⅓. Saksafoni inaweza kuificha kasoro hiyo, piano haiwezi, na hakuna usafishaji utakaoiponya.

3. Sphere, Four in One (Elektra Musician, 1982)

Kundi la wanne: Charlie Rouse kwenye saksafoni, Kenny Barron kwenye piano, Buster Williams kwenye besi, Ben Riley kwenye dramu. Rouse alipiga na Monk tangu 1959 hadi 1970, na Riley alikuwa mpiga dramu wake miaka ya katikati ya 1960. Hata jina la kundi ni jina la kati la Monk. Walirekodi tarehe 17 Februari 1982, siku ile ile Monk alipofariki. Waliingia studio kumuenzi mtu aliye hai, ndiyo maana humu hamna msiba wowote, ni furaha ya watu wanaozijua kona zote za tungo hizi. Barron haigi vidole vilivyonyooka vya Monk. Anapiga kwa ulaini wake, na tungo zinasimama vilevile. Ingekuwa rahisi kupatikana, tungeipa nafasi ya pili.

4. Keith Jarrett, Gary Peacock na Jack DeJohnette, Bye Bye Blackbird (ECM, ilirekodiwa Oktoba 1991)

Mpiga tarumbeta Miles Davis alifariki 28 Septemba 1991. Majuma mawili baadaye watatu hawa, wote wakiwa wamewahi kupiga naye, walikuwa studio New York. Hakuna tarumbeta, na hakuna aliyejaribu kuijaza nafasi yake. Kiini ni For Miles, zaidi ya dakika 18 zilizobuniwa papo hapo. Ukisikiliza sampuli ya sekunde 30 hutaielewa kabisa, kwa hiyo usiamue kwa njia hiyo. Jambo moja la kujua mapema: Jarrett huguna na kuimba akipiga. Sauti hiyo imo kwenye rekodi, si kasoro ya CD yako.

5. Duke Ellington Presents the Dollar Brand Trio (Reprise, ilirekodiwa Paris 1963)

Ellington alimsikia Dollar Brand, mpiga piano kijana wa Afrika Kusini, mjini Zürich, akamchukua kurekodi. Usitafute nyimbo za Ellington humo, tungo ni za Dollar Brand mwenyewe. Kinachotugusa ni kwamba jalada lina jina la mlezi mmoja, na ndani kuna wimbo Kippi, wa kumuenzi mwingine: Kippie Moeketsi, mpiga saksafoni aliyekuwa naye katika kundi la Jazz Epistles. Johnny Gertze yuko kwenye besi, Makaya Ntshoko kwenye dramu. Mpiga piano alisilimu 1968 na kuitwa Abdullah Ibrahim, kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili. Maduka mengine huipanga hata chini ya Ellington.

Ukiipenda njia hii, endelea na Portraits of Thelonious Monk ya Randy Weston (Verve, ilirekodiwa 1989). Weston huyo huyo ndiye mwenye Uhuru Afrika ya 1960. Ile ni bendi kubwa, haina nafasi kwenye orodha hii, lakini ndani yake shairi la Langston Hughes linasikika kwa Kiswahili, na msomaji wa Kiswahili asiyeijua amepitwa na jambo.

6. Barry Harris Plays Tadd Dameron (Xanadu, 1975)

Inamfaa mwanafunzi wa piano. Dameron aliandikia bendi kubwa, na Harris, mwalimu aliyefundisha vizazi, anaonyesha jinsi ya kukusanya sauti za matarumbeta na saksafoni ndani ya mikono miwili. Anza na If You Could See Me Now, usikilize sauti za kati, zile zinazosogea chini ya melodia.

7. Hank Jones na Charlie Haden, Steal Away (Verve, 1995)

Piano na besi tu, nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, tenzi na nyimbo za asili. Hapa anayeenziwa ni utamaduni mzima. Inafungwa na mfululizo wa tenzi, ikiwemo ile tunayoiimba Yesu Kwetu ni Rafiki. Besi ya Haden iko chini sana. Spika ndogo za simu zitakuachia nusu ya muziki, tumia vipokea sauti vizuri. Anayetaka dramu na kasi asinunue hii.

8. Kris Davis, Run the Gauntlet (Pyroclastic, 2024)

Inawaenzi wapiga piano wanawake sita: Geri Allen, Carla Bley, Marilyn Crispell, Angelica Sanchez, Sylvie Courvoisier na Renee Rosnes. Robert Hurst yuko kwenye besi, Johnathan Blake kwenye dramu. Ni ngumu kwa anayeanza, na iko mwisho kwa sababu hiyo pekee. Sikiliza kwanza Geri Allen, kisha urudi.

McCoy Tyner Plays Ellington ilikosa kuingia kwa nafasi moja. Ilirekodiwa Desemba 1964 na wenzake wa kundi la Coltrane, Jimmy Garrison na Elvin Jones, lakini ngoma za Kilatini zilizoongezwa kwenye baadhi ya vipande zinaisonga piano.

Kuhusu faili za dijiti: FLAC (faili isiyopunguza sauti) ya biti 16 na 44.1 kHz, yaani ubora wa CD, inatosha kwa zote nane. Usilipe zaidi kwa biti 24 ya rekodi ya zamani isipokuwa muuzaji ameeleza kwamba imetoka kwenye kanda za awali. Na unaponunua santuri kwa picha, omba picha ya sehemu tupu karibu na lebo, ambako namba ya toleo imechongwa kwenye plastiki yenyewe, kwa maana jalada halisi linaweza kubeba santuri ya toleo jingine kabisa.