RX 6600 au RTX 3060? Tulivyoziona kwenye kazi za harusi

Ukisoma karatasi za sifa peke yake, kadi ya picha ya kompyuta (GPU) RX 6600 ya AMD haina ubavu wa kusimama na RTX 3060 ya NVIDIA. Ya kwanza ina memori ya GB 8 kwenye njia ya biti 128 (upana wa barabara ya data), inapitisha GB 224 kwa sekunde. Ya pili ina GB 12, biti 192, GB 360 kwa sekunde. Zote ni za mwaka 2021, 3060 ilitoka Februari na 6600 Oktoba, na zote zilitangazwa kwa bei ileile ya dola 329. Ukiishia hapo utasema AMD walikuwa wanatania watu.

Sisi tunazo zote mbili. Studio yetu iko Tabata, tunafanya video za harusi, sendofu, kicheni pati na matangazo madogo madogo ya maduka. Kompyuta ni mbili na zimefanana karibu kila kitu: prosesa ya Ryzen 5 5600, RAM GB 32, mazabodi ya B550. Kadi ndiyo inayozitofautisha.

Nianze na gemu, maana ndilo swali la kwanza la kila kijana anayechungulia dirishani. Kwa skrini ya 1080p hizi kadi ni ndugu. EA Sports FC, GTA V, Warzone: ficha stika ya kadi, niwekee padi mkononi, sitakuambia ipi ni ipi. AMD waliipa 6600 akiba ya ndani ya MB 32 wanayoiita Infinity Cache, kwa hiyo chipu haikimbilii memori ya nje kila mara. Ni mama ntilie aliyejiwekea chumvi na mafuta karibu na jiko. Hana haja ya kutuma mtoto dukani kwa kila sufuria. Ukiwasha ray tracing, yaani kuiga mwanga unavyoakisi, kwenye Cyberpunk 2077 ndipo wanapoachana: 3060 inajikongoja ikisaidiwa na DLSS (ujanja wa NVIDIA wa kukuza picha ndogo ili gemu liende haraka), 6600 inakwama. DLSS haipo kabisa kwenye kadi za AMD, wakati FSR, ujanja kama huo wa AMD, inakubali kwenye zote mbili. Lakini wateja wa gemu ninaowajua hapa mjini wanataka mpira uende bila kukatakata, basi.

Kwenye kazi mambo yanageuka.

Tunatengeneza majina ya bwana na bibi harusi ya 3D, yale ya dhahabu yanayozunguka mwanzo wa video, kwa programu ya Blender. Kwenye Cycles, injini yake ya kutoa picha, 3060 inatumia OptiX ya NVIDIA, yaani vile viini vyake vya ray tracing vinaingia kazini moja kwa moja. 6600 inapita njia ya HIP (ya AMD), ambayo Blender waliileta kuanzia toleo la 3.0 mwishoni mwa 2021. Inafanya kazi, sikatai, ila 3060 inamaliza katika muda usiofika nusu. Mteja anayepiga simu Jumatatu asubuhi kuuliza "kaka, ile kazi vipi?" hajui HIP ni nini wala hataki kujua.

Kingine ni ukubwa wa memori. Kwenye DaVinci Resolve Studio, programu tunayohariria video, ukipanga video za 4K, ukaondoa chenga za picha za usiku ukumbini, ukaongeza na maandishi ya Fusion (sehemu yake ya madoido), GB 8 zinajaa na Resolve inakutolea ujumbe kwamba memori ya GPU imeisha. Unapunguza, unarenda (unatoa video iliyokamilika) vipande vipande, unaunganisha. Kwenye 3060 kazi hiyohiyo inapita bila kelele. Halafu kuna Whisper, programu ya AI ya kugeuza sauti kuwa maandishi, tunayoitumia kuandika maneno ya MC na hotuba za wazazi kwenye klipu za Instagram. Modeli zake ndogo zinakiharibu Kiswahili vibaya sana, kwa hiyo tunataka ile kubwa, na ile kubwa inahitaji kama GB 10 za VRAM (memori ya kadi). Piga hesabu mwenyewe. Isitoshe, programu nyingi za namna hii zimeandikwa kwanza kwa CUDA, mfumo wa NVIDIA peke yake, na mwenye AMD kwenye Windows anabaki kuzunguka kutafuta njia za pembeni.

Sehemu moja zinalingana kwa udhaifu. Kama kamera yako inarekodi H.265 ya biti 10 4:2:2 (video iliyobanwa yenye rangi nyingi zaidi), kadi hizi zote hazisaidii kuifungua. Mzigo unaangukia prosesa na video inakatakata. Tengeneza proksi (nakala nyepesi za kuhariria), au tafuta prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 kwenda juu yenye grafiki zake za ndani. Vijana wengi wananunua kadi kubwa zaidi ya kizazi hichohicho wakidhani tatizo litaondoka.

Kwa upande wa umeme, 3060 imeandikwa wati 170 na 6600 wati 132. Kwenye LUKU si kitu: ukirenda masaa matano kila siku, kwa mwezi tofauti haifiki uniti sita, kama shilingi elfu mbili. Uzito wake uko kwenye UPS. Zile za 650VA zilizojaa madukani hazifiki wati 400, na umeme ukikatika katikati ya kurenda, kompyuta yenye 6600 inakupa nafasi nzuri zaidi ya kuhifadhi kazi na kuzima kwa ustaarabu. Na chumba kisicho na AC mwezi wa pili Dar es Salaam, wati 38 pungufu unazisikia mgongoni.

Kwa hiyo mdogo wangu akitaka ya gemu, namwambia achukue 6600, ambayo sasa huwa na bei ya chini, abaki na chenji. Ila kama mazabodi yake ni ya zamani, ya PCIe 3.0 (kizazi cha zamani cha nafasi ya kuchomeka kadi), ajue 6600 inatumia njia 8 tu badala ya 16, kwa hiyo kuna gemu zitapungua kasi kidogo. Na zile kompyuta za ofisini za mtumba, mara nyingi pawa saplai yake haina hata waya wa pini 8, na kadi hizi kwa kawaida zinauhitaji.

Anayekula kwa kompyuta achukue 3060, lakini ile ya GB 12. Mwishoni mwa 2022 ilitoka nyingine yenye jina hilohilo ikiwa na GB 8 na njia ya biti 128, na muuzaji Kariakoo atakwambia "bosi wangu, zote ni 3060." Nyingi za mtumba pia zilichimba sarafu za kidijitali hadi Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022, kwa hiyo sikiliza feni na uombe iwashwe mbele yako. Nenda na GPU-Z, programu ya kusoma sifa za kadi, kwenye flashi, ni ya bure. Ifungue palepale dukani kabla hujatoa hela, na kama haisomi biti 192, mrudishie kadi yake.