Uzoefu wangu na filageji kwenye Beetle ya 1972

Kati ya vifaa vyote nilivyonunua kwa ajili ya Volkswagen Beetle yangu ya 1972, injini ya 1300, ninachokishika mara nyingi zaidi ni filageji: seti ya vibati vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja kwenye mpini mmoja, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Mwenye gari la zamani anayetaka kulihudumia nyumbani ainunue hii mapema, kabla hajafikiria vifaa vya gharama. Gari la namna hii halina kompyuta ya kujirekebisha. Nafasi ndogo kati ya chuma na chuma ndizo zinazoamua injini iwake vipi na idumu kiasi gani, na nafasi hizo hubadilika kadiri gari linavyotembea.

Kazi kubwa ni tapeti, yaani nafasi kati ya kila valvu (mlango mdogo wa injini wa kuingiza mchanganyiko wa hewa na petroli au kutolea moshi) na mkono unaoisukuma. Injini yangu inataka milimita 0.15 kwenye valvu zote nane, na ipimwe ikiwa baridi kabisa, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka na kipimo kinaharibika. Huwa naliacha gari lilale, asubuhi ndipo naanza. Naondoa kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi), nazungusha puli ya injini hadi rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, ielekee alama iliyochongwa ukingoni mwa distribyuta. Hapo pistoni ya silinda ya kwanza iko juu na valvu zake zote mbili zimefungwa. Nikimaliza hiyo, narudisha puli nyuma nusu mzunguko na kuipata ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Kibati cha 0.15 kinatakiwa kupita kwa kukwaruza kidogo, cha 0.20 kikatae. Nati inayofunga skrubu ya kurekebisha nafasi ikikazwa huweza kuvuta skrubu hiyo pamoja nayo, kwa hiyo lazima upime tena baada ya kukaza. Hatua hiyo usiiruke hata kidogo.

Wengi hushtuka wakisikia tapeti zinagonga. Mimi nahofia zaidi zile zilizonyamaza. Valvu iliyobanwa kwa kukosa nafasi haifungi sawasawa, na ile ya kutolea moshi hupoza joto lake inapokalia kiti chake. Isipokaa vizuri, inaungua. Sikio halitakuambia hilo, kibati kitakuambia. (Ukifungua vifuniko vya valvu, weka gasketi mpya. Kuukuu huvujisha oili.)

Kwenye pointi za distribyuta (vipande viwili vya chuma vinavyounganisha na kukata umeme wa cheche) naitumia pia, milimita 0.4, ila hapa kifaa kina mipaka yake. Kibati lazima kifutwe kikauke, maana oili ikibaki kwenye pointi inaziunguza. Na pointi zilizokwisha kuchimbika hudanganya: upande mmoja unakuwa na kijilima, mwingine shimo, kibati kinapima kijilima tu. Zikifika hapo nabadilisha, sipotezi muda kuzipima. Taiming, yaani wakati cheche inapotoka, naigusa baada ya pointi, kamwe si kabla, kwa kuwa ukiongeza nafasi ya pointi cheche inawahi. Kwa plagi zilizotumika muda mrefu napendelea kipimo cha waya kwa sababu hiyohiyo ya kuchimbika.

Kuhusu ubora wa seti yenyewe, vipimo vyake nimeridhika navyo. Vibati vyembamba kabisa hupinda ukivilazimisha, na kibati kilichojikunja kitupwe, hakina kazi tena. Chuma chake kinashika kutu kikiachwa bila oili, kwa hiyo navipangusa kwa kitambaa chenye oili kabla ya kufunga. Kinachoniudhi ni maandishi: yamechapwa kwa wino badala ya kuchongwa, na vibati ninavyovitumia sana vimeanza kufutika. Kwa kifaa ambacho thamani yake yote iko kwenye namba, huo ni uzembe wa kiwandani.

Ukienda kununua, chagua yenye namba zilizochongwa na vibati vilivyopinda nchani. Chini ya Beetle unafanya kazi umelala, mkono unaingia kwa ubavu, na kibati kilichonyooka kinagonga ukingo wa kichwa cha injini kabla hakijafika kwenye valvu.