Ndoo ya kunawia ya kukanyaga, kazi ya mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam

Fremu ya chuma, ndoo ya lita 20, pedali mbili: moja ya maji, moja ya sabuni. Kwa karakana yenye watu wengi tunaipendekeza, kwani hakuna anayegusa koki. Udhaifu wake ni waya wa breki ya baiskeli unaovuta koki. Ukilegea, maji hayakatiki na ndoo hukauka asubuhi ile ile. Kaza nati kila Jumatatu. Sabuni nzito huziba mrija, izimue kwanza. Wafanyakazi huuliza kama kitakasa mikono hakitoshi: chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 kinatosha, ila si kwa mikono yenye grisi. Hiyo inataka sabuni, sekunde 20. Rangi ya fremu ni ya kulipua. Agiza wapige ya kuzuia kutu kabla hujalipa.