Fundi wa Msamvu anayepima ekzosi kabla ya kukuuzia spea

Ukiwa Morogoro na ekzosi ya pikipiki yako inachemka kupita kiasi, usikimbilie dukani. Ipeleke kwanza kwa fundi mmoja aliyeko Msamvu, upande wa barabara ya kwenda Dodoma. Hana bango. Uliza fundi wa pikipiki za milimani, bodaboda yeyote wa pale atakuelekeza.

Mimi ni afisa mifugo, na vijiji vyangu viko Mgeta. Natembelea Honda XR 150 L, ile ya kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa), injini yake inapozwa na upepo tu. Nikipanda kutoka Sangasanga, nyuma kwenye keria kunakuwa na kisanduku cha barafu chenye chanjo ya mdondo. Ekzosi ya XR inapita upande wa kulia na kuishia karibu kabisa na keria hiyo, kwa hiyo ikichemka vibaya siogopi mguu peke yake. Nawaza chanjo, na akina mama waliofungia kuku ndani tangu alfajiri wakinisubiri.

Hali ilikuwa hivi. Jioni nikisimama huku injini inanguruma, shingo ya ekzosi, pale inapotokea kwenye silinda, ilikuwa inageuka nyekundu. Nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga vishindo. Mlima niliokuwa naupanda kwa gia ya tatu ukaanza kunidai ya pili. Gereji ya kwanza niliyokwenda, ambayo sitaitaja, ilisema sababu ni milima, hewa ya juu ni nyepesi, na dawa ni kununua ekzosi nzima. Na maelezo hayo wakampa kijana niliyempakia, wakati pikipiki ni yangu na fedha ni zangu.

Huyu wa Msamvu aliongea na mimi. Kabla hajashika spana aliniuliza, "Dada, inawaka ukiwa unatembea au ukisimama tu? Na kabla haijaanza hivi, iliguswa nini?" Akanieleza kwamba injini ya kupozwa na upepo ukiiacha ingurume muda mrefu pasipo kutembea, shingo inaweza kuwa nyekundu hata kama haina ugonjwa. Tena chuma huanza kuonekana chekundu gizani kinapofika nyuzi joto kama 500, lakini juani huoni kitu hata kikizidi hapo kidogo. Kwa hiyo mtu anayesema "mchana haina shida, usiku ndiyo inawaka" huenda anaangalia joto lilelile.

Habari ya milima aliimaliza haraka. Ukipanda juu hewa inapungua, lakini kabureta inaendelea kutoa mafuta yaleyale; mafuta yanazidi hewa na plagi inakuwa nyeusi. Akafungua plagi yangu, ilikuwa nyeupe. Nyeupe maana yake ni kinyume: hewa nyingi, mafuta machache. Mchanganyiko wa namna hiyo unaungua polepole, valvu ya kutolea moshi inafunguka moto bado haujaisha, na ule moto unamalizikia ndani ya bomba. Nimesoma sayansi miaka mingi, na sijawahi kuelezwa injini kwa lugha nyoofu kiasi hicho.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike haya. Injini ikiwa na moto, alivuta choki kidogo, ile inayopunguza hewa ili mafuta yazidi. Ingekuwa nzima ingekohoa, yangu ikatulia. Kumbe ilikuwa inalilia mafuta. Akachukua chupa ya kupulizia maji, akawa anapuliza ukungu kidogo kidogo kuzunguka mpira unaounganisha kabureta na silinda. Alipofika upande wa chini mlio ukabadilika palepale. Aliufungua, akaukunja mbele yangu, na ufa ukaonekana, ukiunyoosha unajificha. Hewa ya ziada ilikuwa inaingia kwa wizi hapo, baada ya kabureta, ambapo hakuna mafuta ya kuifuata.

Mwingine angeishia hapo na kuandika bili. Yeye alishusha na kabureta, akasoma namba ya jeti kubwa, yaani kitundu kinachopitisha mafuta, akaniambia ni ndogo kuliko inayotakiwa. Kuna mafundi wanaobadilisha jeti ili "isile mafuta", na mwenye pikipiki anafurahi akiona lita moja inamfikisha mbali, hajui kwamba injini inapikwa. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wauguzi na maofisa ugani wengi wanaotumia pikipiki hizi wanafanyiwa hivyo pasipo kuulizwa.

Kisha akaniomba niiache pikipiki ilale. Tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu, alisema, hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa. Anayepima ikiwa ya moto anakudanganya. Valvu ya moshi ikibanwa sana haikai vizuri kwenye kiti chake, inavujisha moto, na ekzosi inachemka vilevile. Asubuhi alipima mimi nikiwepo, akanionyesha kwamba nafasi iko sawa, akafunga. Kwa kazi hiyo hakunidai chochote.

Ana pia kile kipima joto chenye umbo la bastola. Nimewaona wengine wakikielekeza kwenye bomba linalong'aa na kusoma namba kwa kujiamini. Yeye alipaka kwanza doa dogo la rangi nyeusi isiyong'aa, ile inayostahimili moto, akapima hapo, maana chuma kinachong'aa kinakifanya kifaa kisome chini ya joto halisi. Kabla ya matengenezo namba ilikuwa imevuka uwezo wa kifaa. Baada ya mpira mpya, jeti sahihi na gasketi mpya ya shingo, ilisimama kwenye 240 na kidogo, injini ikinguruma kwa muda uleule. Plagi sasa ina rangi ya kahawia, na vishindo vya mteremkoni vimekwisha.

Ufundi ulikuwa shilingi 30,000, spea mbali. Vya zamani alinirudishia vyote kwenye mfuko, kitu ambacho kila gereji ingepaswa kufanya.

Yasiyopendeza yapo. Hakuna pa kukaa, jua la Msamvu linakupiga kichwani. Risiti ni ya kuandika kwa mkono, na ofisi yangu iliikataa, hivyo kama unarudishiwa fedha na mwajiri mweleze mapema. Mpira wa XR haukupatikana mjini, ikabidi uagizwe Dar es Salaam uje na basi. Pikipiki za kisasa zisizo na kabureta hazipokei. Anasema wazi kwamba hana kifaa cha kuzisoma, na namheshimu kwa hilo.

Ukienda, mweleze kila kitu kilichowahi kubadilishwa kwenye pikipiki, hata kama ni kidogo. Na fika asubuhi kabla haijapata moto. Ukiwa umetoka nayo Mzumbe au Mikese, atakuambia uiache hadi kesho.