Kompyuta Haiwaki Baada ya Pawa Saplai Kufa? Hii Testa Inaonyesha Kitu Ambacho Multimita Haikuonyeshi

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Leo naingia moja kwa moja maana hiki kidude kimenikosha kweli kweli. Ni testa ya pawa saplai, yani ya kile kiboksi kinachoipa kompyuta umeme, hii hapa, ina kiskrini kidogo na matundu ya plagi pande zote. Habari za umbo, uzito, sijui rangi, siziongelei, mnaiona wenyewe. Nataka niwaonyeshe kitu kimoja ambacho watu wakizichambua hizi testa huwa wanakiruka, wanachomeka, inalia pii, wanasema haya nzima hiyo, video imeisha. Hapana jamani, haijaisha!

Mgonjwa wetu ni huyu hapa, kompyuta ya kuunganisha mwenyewe, ilikuwa inafanya kazi ikalia tap, harufu ya kuungua, kimya. Afu angalia hapa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaoshika kila kitu, nasogeza kamera, mnaona taa inawaka? Hii taa ndo inawadanganya wengi. Mtu anaona taa inawaka anasema pawa saplai nzima, tatizo mazabodi, anaenda kununua mazabodi nyingine. Hiyo taa inatumia ule umeme wa kusubiri, volti 5 za waya wa zambarau, ambao upo muda wote plagi ikiwa ukutani hata kama kompyuta imezimwa. Ni saketi yake ya pembeni kule ndani, kwaiyo ile kubwa inaweza kuwa imekufa kabisa na hii ndogo ikawa bado inadunda.

Ngoja tuchomeke. Kabla ya hapo chomoa kila kitu kwenye kompyuta, kila kitu, usiipime ikiwa bado imeshika kadi ya grafiki na madiski. Plagi ya pini 24 inaingia hapa, ya prosesa hapa, nawasha... haya. 5VSB, yani ule umeme wa kusubiri, inasoma 5.0, ndo ile taa. 12V imeandika LL, yani chini sana, na inalia. Kwaheri ya kuonana, hii imeondoka, na naomba sana usiifungue, mle ndani kuna kapasita kubwa, kifaa cha kutunza umeme, inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa, achana nayo.

Sasa kitu chenyewe nilichowaitia ndo hiki. Nina pawa saplai nyingine hapa ya akiba, kuukuu, ambayo ukiifunga kwenye kompyuta feni zinazunguka, taa zinawaka, picha hakuna. Ukibonyeza riseti, inawaka vizuri. Ukizima ikapoa ukawasha tena, hakuna picha. Tatizo kama hili watu wanabadilisha ramu, wanabadilisha kadi, wanaisumbua bayosi, ile programu ya kuiamsha kompyuta, wiki inapita.

Nachukua multimita kwanza, hiki kipimo cha volti, ili mnielewe. Waya wa njano, 12.1. Wa chungwa, 3.3. Mwekundu, 5.0. Zote safi, sheria ya ATX, yani kiwango kinachofuatwa kutengeneza pawa saplai za kompyuta, inaruhusu asilimia 5 juu au chini, kwaiyo volti 12 ikikaa kati ya 11.4 na 12.6 hauna ugomvi nayo. Waya wa kijivu, nao unasoma volti 5. Kwa multimita hii pawa saplai ni nzima kabisa, na ukimpelekea fundi akipima hivi hivi atakwambia nzima.

Haya, testa. Nachomeka... tazama hapo chini kulia pameandikwa PG, namba inapepesa, 40. Nazima, nasubiri kidogo, nawasha tena, angalia, 40 tena. Hiyo ni milisekunde, na ndo kitu multimita haiwezi kukupa!

Nieleze taratibu kidogo maana hapa ndo utamu ulipo. Pawa saplai ikiwashwa volti hazitulii palepale, zinapanda. Kwaiyo kuna ule waya wa kijivu, pini ya 8, unaitwa pawa gudi, ndo hiyo PG, kazi yake ni kuiambia mazabodi kwamba umeme umetulia unaweza kuanza. Mpaka ujumbe ufike mazabodi inaishikilia prosesa isianze kitu chochote. Kwa utaratibu wa ATX ujumbe unatakiwa uje kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya volti kukaa sawa. Huyu anautuma kwenye 40, yani anasema tayari wakati bado hajawa tayari, prosesa inaamka umeme ukiwa bado unayumba, inaganda. Ndo maana ukibonyeza riseti inakubali, kwa sababu wakati huo volti zilishatulia zamani. Na kuna ambazo haziutumi kabisa, hapo utakaa na feni zinazunguka mpaka asubuhi na picha huioni. Ukiweka multimita, unakuta volti 5 ipo, lakini ilifika saa ngapi? Haikwambii.

Kwa hiki kitu peke yake mimi testa nimeipenda. Na mtaniambia mbona kuna ile njia ya klipu ya karatasi, unaunga waya wa kijani pini ya 16 na waya mweusi wowote, inawaka. Ndio inawaka, umejua feni inazunguka, basi. Na pawa saplai nyingi za siku hizi waya zote nyeusi, ukikosea pini unaunga volti na erthi, kwanini ujitese hivyo wakati hii testa bei yake ni ndogo kuliko kipande kimoja cha ramu.

Kabla sijasahau, wale mlioomba video ya kupaka pasta kwenye prosesa, imesharekodiwa, inafuata baada ya hii, na sauti imerekebishwa, ile mikwaruzo mliyolalamikia haipo tena. Sabskraibu basi usiikose.

Tuendelee, maana kuna ambacho sijakipenda na nikikaa nacho zaidi kinazidi kuniudhi. Hii pii ya kusema kila kitu kiko sawa. Testa inaweka mzigo mdogo mno, wakati kadi ya grafiki inaweza kuvuta hadi wati 75 kwenye sloti peke yake na hadi wati 150 nyingine kwa kila plagi ya pini 8. Pawa saplai iliyochoka itasimama vizuri hapa kwenye testa afu ukianza gemu inazima. Pia haioni ule umeme unaotetemeka, kwenye volti 12 mtetemo haupaswi kuzidi milivolti 120, na hapo unahitaji osiloskopu, ile mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye skrini. Na plagi mpya za kadi kubwa, zile za 12VHPWR, hii haina kabisa. Kwaiyo ikikataa, iamini. Ikikubali, bado una kazi.

Na kazi ndo hii. Umefunga pawa saplai mpya, unawasha, feni inazunguka robo inasimama. Usikimbilie kusema mpya nayo mbovu, mara nyingi inajilinda, kuna shoti mbele yake. Toa mazabodi kwenye kesi iweke juu ya kartoni, bakiza prosesa na feni yake na ramu moja, kadi itoe kama prosesa ina grafiki yake. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja huku umezima na umechomoa ukutani. Kwa huyu mgonjwa wetu imewaka na ramu moja, ramu ya pili sawa, kadi sawa... nimerudisha SSD, ile diski ya kutunzia data, kimya. Naichomoa, inawaka. SSD ndo imeondoka na pawa saplai.

Afu sikilizeni hii nawaomba, waya za pawa saplai ya zamani usizirudishe kwenye mpya! Hizi za kuchomoa waya, upande wa vifaa plagi zinafanana lakini upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini kivyake, hata kampuni moja modeli mbili zinaweza kutofautiana. Unajikuta umepeleka volti 12 sehemu ya volti 5, madiski yote yanaungua kwa mara moja. Inaniuma sana kuona mtu kapona ajali ya kwanza afu data zake zinapotea kwa waya alizoona uvivu kuzibadilisha.

Kununua? Kama unaunganisha kompyuta zako mwenyewe, nunua, ila chukua yenye skrini inayoandika PG kwa namba, zile za taa za kijani tupu ziache. Na kama unayo tayari, andika kwenye komenti PG yako inasoma ngapi na pawa saplai ina umri gani, nataka kuona za zamani zinakaaje. Zile zenye namba za ajabu nitaziongelea kwenye laivu.