The Netanyahus: riwaya ya chuoni niliyoicheka, kisha ikanikalia moyoni

Kilichonikamata kwenye riwaya hii ya Joshua Cohen, mshindi wa Tuzo ya Pulitzer mwaka 2022, ni ile suti ya Baba Krismasi. Ruben Blum ni mwanahistoria wa kodi, Myahudi pekee katika chuo kidogo cha jimbo la New York, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakubwa wake wanamtaka avae suti na ndevu kwenye sherehe ya chuo, ili Wakristo wapate nafasi ya kusherehekea sikukuu yao. Wanamwomba kwa upole kabisa, naye anavaa. Nilicheka mpaka nikamwonea uchungu.

Kisha anatwishwa kazi ya kumpokea Benzion Netanyahu, anayekuja kwenye usaili wa uhadhiri. Benzion ni mtu wa kweli, baba yake Benjamin aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Israeli; chuo ni cha kubuni, na kisa kimekuzwa kutokana na simulizi ambayo mhakiki wa fasihi Harold Bloom alimpa Cohen. Mgeni anatokea na mke na wavulana watatu, na nyumba ya Blum haikaliki tena.

Ndani ya fujo hizo ndimo imani inapozungumzwa kwa uzito. Netanyahu anashikilia kwamba Wayahudi wa Hispania waliobatizwa karne ya 15 walikuwa, wengi wao, Wakristo wa dhati, na Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa Katoliki ya kuwasaka wazushi, iliwaandama kwa sababu ya damu yao. Basi kuamini kwao hakukuwaokoa! Niliposoma hayo nilirudi kwenye suti ya Blum, nikaelewa kwa nini mzaha ule unauma: anajitahidi kufanana na wenzake, na wao bado wanamhesabu Myahudi tu. Sijasoma riwaya nyingine inayoifanya hoja ya kihistoria ichekeshe namna hii bila kuidharau dini ya mtu.

Kuna jambo linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Jonathan, yule mvulana mkubwa, ndiye Yonatan aliyeuawa Entebbe Julai 1976 katika operesheni ya kuwaokoa mateka. Ukilijua hilo, utundu wake unasomeka kwa huzuni.

Lawama yangu ni kwa Tzila, mkewe Benzion. Amechorwa kelele tupu, na alistahili zaidi. Barua za mapendekezo kumhusu Benzion nazo ni ndefu, ila usiziruke, hoja nyingi za kitabu zimo humo.

Nyota nne kati ya tano. Kwa kikundi cha usomaji chenye watu wa dini mbalimbali, ningekichagua hiki kwanza.